MASHINDANO YA SAFARI: YALIKOTOKA, YALIVYO, NA MAHALI PA KUSIMAMA

Kila mwaka Mashindano ya Safari yanapokaribia, shule yetu hupatwa na homa ambayo dawa yake haipatikani katika zahanati. Mabwenini hakuna jambo jingine linalozungumzwa. Hata mtoto wa kidato cha kwanza ambaye hajapata kushika usukani wa trekta hunena juu ya magurudumu na gia kama fundi mkuu. Lakini nimegundua kwamba wengi wetu tunayajua majina ya madereva tu, wala hatujui mashindano haya yalitoka wapi wala yanahukumiwa namna gani. Kwa hiyo Bwana Mhariri ameniomba nieleze mambo matatu: mwanzo wake, kanuni zake, na yale ya kuangaliwa yatakapotufikia tena. Nami nimeongeza la nne ambalo hakuniomba, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwanzo wake

Zamani palikuwa na uwanja wa mbio za motokaa ulioitwa Langa Langa, huku kwetu katika Bonde la Ufa, na mpaka leo wazee wengi huyaita mashindano yo yote ya motokaa "langalanga". Mtu mmoja, jina lake Neil Vincent, alisema kwamba kuzunguka uwanjani kama ng'ombe wa kusaga hakumpendezi. Akamwambia binamu yake, Eric Cecil, kwamba kama angeanzishiwa mashindano ya kwenda mbali katika nchi hii ya Afrika na kurudi, wa kwanza kufika awe mshindi, hayo angeyaingia. Neno lile halikuanguka chini. Mwaka wa 1953, katika siku za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakafanywa mashindano ya kwanza, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika.

Siku hizo motokaa zilipangwa katika makundi kwa bei yake dukani, maana wenye mashindano walitaka kila mtu aone gari analoweza kulinunua linavyostahimili barabara zetu. Mwaka huo wa kwanza hapakutangazwa mshindi mmoja wa wote, bali Alan Dix na Johnny Larsen, waliokuwa katika gari dogo la Volkswagen, ndio waliopata makosa machache kuliko wengine. Mwaka wa 1960 jina likabadilika likawa Safari ya Afrika Mashariki, na tangu 1974 yakaitwa Safari tu.

Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, na kila mkulima anajua maana yake: masika. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 5,000 hivi, na barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na basi, na mbuzi, na twiga, na mama mwenye mzigo wa kuni, na giza, na ukungu, na matope. Mwaka wa 1963 ziliondoka motokaa 84, zikafika 7. Mwaka wa 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 vile vile. Ajabu ni kwamba mshindi wa miaka yote miwili alikuwa yule yule, Nick Nowicki, pamoja na msaidizi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404.

Babu yangu huikumbuka vema ile mvua ya 1968. Yeye na vijana wenzake walikaa kando ya barabara tangu alfajiri wakisukuma magari yaliyozama. Nilipomwuliza walilipwa kiasi gani, alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, tulilipwa matope. Lakini gari likishatoka pale, tulijiona kana kwamba sisi ndio tuliolizaa."

Washindi wa kukumbukwa

Kuna wenyeji wawili ambao kila mwanafunzi imempasa kuwajua. Wa kwanza ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Mwaka wa 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo ambayo haikuwa mpya, bali ilikwisha tumiwa na wengine. Akashinda tena 1974 na 1976. Watu wakampa jina la Simba. Wa pili ni Shekhar Mehta, aliyetoka katika jamaa ya Wahindi wa Uganda, akahamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Wahindi mwaka wa 1972. Mwaka uliofuata, 1973, alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, na kwa kanuni ya kuamua sare Mehta akapewa ushindi. Akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano! Mtu aliyefukuzwa kwao bila kosa alipata jina kubwa katika nchi ya jirani.

Kwa miaka karibu ishirini hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyeweza kushinda Safari. Wageni walikuwa na magari mazuri, lakini matope hayakuwajua. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden ndio waliovunja mwiko huo, kwa Ford Escort. Mwaka wa 1973 Safari ikaingia katika mashindano ya ubingwa wa dunia, ikakaa humo mpaka 2002. Mwaka wa 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda, na Patrick Njiru, Mkenya mwenzake, akawa wa nne katika Subaru.

Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Ilikuwa irudi 2020, ugonjwa wa korona ukaizuia, ikarudi Juni 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Tangu mwaka huo hadi 2025 Toyota ilishinda kila mara: Sébastien Ogier wa Ufaransa 2021 na 2023, Kalle Rovanperä wa Finland 2022 na 2024, na Elfyn Evans wa Wales 2025. Katika 2022 na 2023 Toyota ilichukua nafasi zote nne za mbele.

Kanuni zake

Katika mbio za Grand Prix, kama zile za Monaco, magari yote huondoka pamoja na kuzunguka njia moja mara nyingi, na anayetangulia unamwona kwa macho. Katika Safari sivyo. Huku kila gari huondoka peke yake, na baada ya dakika kadhaa, vumbi likishatulia, huondoka jingine. Adui wa dereva ni saa, wala si gari lililo mbele yake.

Njia imegawanywa sehemu mbili. Kuna vipande vya mbio, ambavyo siku hizi hufungwa kabisa, na humo mwendo hupimwa mpaka sehemu ya kumi ya sekunde. Halafu kuna safari ya kutoka kipande kimoja hadi kingine katika barabara ya watu wote, na huko dereva bingwa hutii sheria za barabara kama mchukuzi wa maziwa. Akichelewa kufika kituoni, kila dakika moja humwongezea sekunde 10. Akiwahi kabla ya wakati wake, kila dakika humwongezea dakika nzima. Mwalimu wetu wa zamu alipoisikia kanuni hiyo alisema angependa kuitumia katika gwaride la asubuhi.

Ndani ya gari kuna watu wawili. Mmoja hushika usukani. Wa pili hushika daftari. Kabla ya mbio wote wawili hupita njia ile polepole, wakiandika kila kona, kila jiwe na kila kilima. Siku ya mbio msaidizi husoma daftari lile kwa sauti, na dereva hugeuza usukani kwa neno alilosikia, hata kabla jicho lake halijaiona kona. Msaidizi akiruka mstari mmoja, wote wawili wamo shimoni. Wenzangu tunaonakili kazi za watu bila kuzisoma na tulifikiri jambo hili.

Mambo ya kuangalia yatakapokuja

Kwanza, angalieni vumbi. Udongo wa Kedong na Naivasha ni wa majivu ya volkano, laini kama unga wa mahindi. Gari la kwanza hupita juu. La kumi huogelea ndani ya mitaro iliyochimbwa na yale tisa, na chini ya unga ule yamejificha mawe.

Pili, angalieni lile bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele. Kazi yake ni kuvuta hewa ya injini kutoka juu, ili maji ya mto na vumbi visiingie. Ni mfano wa mtu apitaye mtoni akiinua pua.

Tatu, msimhesabu mshindi kabla ya Jumapili. Mwaka wa 2021 Thierry Neuville wa Ubelgiji aliamka siku ya mwisho akiwa wa kwanza, na katika kipande cha Loldia gari lake likavunjika upande wa gurudumu la nyuma, akatoka. Ogier, ambaye mapema alikuwa amepoteza muda mwingi, ndiye aliyeshinda. Tabia ya Safari haijabadilika tangu siku za babu: anayejua kulitunza gari humpita anayejua kulikimbiza tu.

Mahali pa kusimama

Sasa nafika katika lile la nne. Mwaka wa 2021 nilikuwa bado shule ya msingi, nikikaa nyumbani karibu na Elmenteita. Jumamosi ya mashindano nilimchukua mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka mitano, nikamweka mabegani, tukaenda kutazama. Nilichagua upande wa nje wa kona moja, mahali pasipo na mlinzi, karibu na kichaka cha miiba, kwa kuwa niliona kwamba hapo magari yatatujia uso kwa uso. Mzee mmoja mchungaji alikuwa juu ya mwinuko, ng'ombe wake wote nyuma yake. Akaniita, "Kijana, umeona ng'ombe ye yote hapo uliposimama?" Nikasema, "La, Mzee." Akasema, "Basi ng'ombe wana akili." Niliona haya, nikapanda kwake.

Gari la tatu liliingia kona ile kwa nguvu, likateleza, likatoka nje ya njia, kisha likarudi na kwenda zake. Halikusimama hata kidogo. Vumbi lilipotulia, nilitazama kile kichaka cha miiba. Hakikuwapo. Mdogo wangu alipiga makofi, maana alidhani ni mchezo. Mimi sikuweza kupiga makofi, na nyumbani sikumwambia mama. Leo ndipo atakaposoma, nami namwomba msamaha.

Sasa niko kidato cha nne na nimesoma fizikia, naweza kueleza yale ambayo mzee yule alijua bila kalamu. Gari liendalo kilomita 108 kwa saa huenda mita 30 kila sekunde. Mtu aliyeshtuka huhitaji karibu sekunde moja kabla mguu haujatii. Katika sekunde hiyo gari limekwisha maliza mita 30. Na dereva akifunga breki juu ya udongo ambao nguvu yake ya msuguano ni nusu ya uzito wa gari, gari litateleza mita 90 nyingine kabla ya kusimama. Jumla ni mita 120, zaidi ya urefu wa kiwanja chetu cha mpira. Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Na gari linaloteleza katika kona huelekea nje ya kona, halielekei ndani. Hiyo ni amri ya maumbile, haina upendeleo kwa mwanafunzi.

Basi shikeni haya manne. Msisimame nje ya kona. Msisimame chini kuliko barabara. Simameni juu, palipoinuka. Msivuke njia ati kwa kuwa gari moja limepita, maana lijalo halipigi hodi. Na mkae nyuma ya kamba, hata kama mwenzenu aliye mbele anapata picha nzuri zaidi.

Bwana Mkuu wa shule amesema kwamba vidato vya tatu na vya nne vitapelekwa kutazama ikiwa tutaonyesha kwamba tunaweza kulindana. Wazazi wengine wameandika barua kuomba tusipelekwe. Siwalaumu hata kidogo. Nawaomba tu waisome makala hii, kisha watuulize sisi wana wao maswali, na asiyeweza kujibu abaki bwenini.

Babu yangu alikwenda barabarani akarudi na matope na hadithi ya kutusimulia miaka zaidi ya hamsini. Nami nataka twende sote turudi sote, kila mmoja na vumbi lake na hadithi yake. Mkifika huko na msijue pa kusimama, tafuteni mchungaji alipowapeleka ng'ombe wake, mkasimame hapo.