Ekstensheni Moja, Mizigo Mingi

Nakuru i juu ya bahari kwa mita 1,850 hivi, na baridi ya Julai huko haina huruma. Ndugu zetu waliohamia kutoka pwani huwasha hita, kisha birika la umeme, kisha pasi ya kanzu za Ijumaa, vyote juu ya ekstensheni moja. Plagi yetu ya pini tatu hubeba ampea 13. Kwa volti 240 ni wati 3,120 tu. Hita ya wati 2,000 na birika la kiasi hicho tayari vimevuka mpaka, na waya hupata moto kimyakimya chini ya zulia. Mtume (S.A.W.) alituusia kuzima moto tunapolala, sisi twaihesabu hita kuwa moto.

Wengi hudhani kitaa chekundu cha ekstensheni ni kinga ya umeme unaopanda ghafla. Sivyo: huonyesha tu kuwa umeme umefika. Kinga ya kweli huandikwa kiasi cha jouli, nayo huchakaa kila ipigwapo. Stima ikipotea (na Olkaria i hapo hapo Naivasha!), chomoeni friji na televisheni, irudipo, subirini dakika tano. Hita na birika vipeni soketi za ukutani, kila kimoja yake.