Baraka na Fizi: Jenereta ikizimika, sauti za kinanda zisipotee

Katika makanisa ya Baraka na Fizi, Kivu Kusini, ambako umeme wa jenereta au sola hukatika wakati wowote, mpiga kinanda wa kwaya anaweza kupoteza kazi ya wiki nzima. Sauti aliyoirekebisha hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika kabla hajaihifadhi, inafutika.

Kwenye vinanda vingi vya Yamaha PSR, hubonyezwa kitufe cha Memory pamoja na namba. Sauti, mdundo na kasi ya wimbo huhifadhiwa pamoja.

Lakini kinanda chenyewe kinaweza kuharibika, kuibwa au kuachwa watu wanapokimbia vita. Nakala kwenye flashi hubebwa mfukoni. Hata hivyo, kinanda cha aina nyingine huenda kisiifungue, hivyo majina ya sauti yaandikwe pia kwenye daftari la kwaya.