Ngome ya Yesu: Tiketi zinakatwa, vibanda haviuzi

Biashara ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hupimwa kwa tiketi zinazokatwa langoni. Kipimo hicho kinawatosha wanaokusanya kiingilio. Kwa waongoza watalii, wauza vinyago, madereva wa tuktuk na akina mama wa viazi karai wa Mji wa Kale, hakielezi ni kiasi gani kimeingia mfukoni jioni.

Mfanyabiashara mmoja mwenye kibanda cha vinyago na leso karibu na ngome, aliyeomba asitajwe jina kwa kuwa leseni yake huombwa upya kila mwaka, anasema wageni hawajakosekana. Anachokikosa ni muda wao. Basi la hoteli hufika asubuhi, wageni huzungushwa ngomeni kwa muda wa saa moja hivi, kisha huitwa warudi garini. Kituo kinachofuata dereva amekwishakipanga: karakana ya wachongaji upande wa Changamwe, au duka kubwa linalomlipa kamisheni kwa kila kinachonunuliwa. Wageni hao, asema, huambiwa ndani ya basi kwamba vibanda vya barabarani ni ghali na wauzaji wake ni wasumbufu. Akifanikiwa kumsimamisha mmoja, dereva hupiga honi.

Hamlaumu sana dereva, ambaye mshahara wake ni mdogo na kamisheni ndiyo humkamilishia mwezi. Lawama yake anaielekeza kwa wanaopanga ziara na kwa serikali inayotoza ada pande zote mbili bila kuuliza fedha zinaishia wapi. Yeye hulipia leseni ya kaunti, kodi ya kibanda na mzigo anaouchukua kwa bei ya jumla. Gharama ya mzigo nayo imepanda. Muhugu, mti ambao wachongaji wa Kikamba waliutegemea kwa miaka mingi, umeadimika, na vinyago vingi sasa huchongwa kwa mwembe au mwarobaini. Mnunuzi anayejua mbao hutaka apunguziwe, na asiyejua hulinganisha bei na ya kinyago kama hicho alichokiona hotelini.

Afisa mmoja wa sekta ya utalii, ambaye naye hakutaka kutajwa, hakubali kwamba hali ni mbaya. Hoja yake ni takwimu za taifa: mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 2.4, na mapato yakafika takribani shilingi bilioni 452. Kwa maoni yake, ongezeko kama hilo haliwezi kukosa kufika Mombasa.

Huenda limefika. Lakini takwimu hizo ni za nchi nzima, na wageni wengi huingia kupitia Nairobi. Wanaohesabiwa humo ni pamoja na waliokuja kwa mikutano, waliokuja kuwaona jamaa zao, na walioelekea mbugani moja kwa moja bila kuiona bahari. Alipoulizwa wangapi kati yao walitembea hadi barabara ya Ndia Kuu na kununua chochote, afisa huyo aligeukia mapato ya lango. Mapato hayo yanahifadhiwa vizuri zaidi, asema, tangu kiingilio kilipoanza kulipwa kwa mtandao badala ya fedha taslimu. Waongoza watalii wanakubali kwamba mianya imezibwa. Wanachouliza ni kama fedha zikishakwenda kwenye akaunti ya taifa hurudi kutengeneza kuta za ngome na mitaa inayoizunguka.

Swali hilo lina uzito. Ngome hii ya Wareno, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ilikuwa jela hadi 1958, ikawa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ilikuja na masharti. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na mwenye nyumba hawezi kubomoa wala kupanua duka atakavyo. Anabeba gharama ya kuhifadhi mandhari ambayo wengine wanaiuza kwenye vipeperushi vya hoteli.

Njia za wasafiri nazo zimebadilika. Tangu 2017 treni mpya kutoka Nairobi imeleta Wakenya wengi wakati wa Krismasi, Pasaka na likizo za shule, lakini huwateremsha Miritini, nje ya kisiwa. Barabara ya Dongo Kundu sasa humwezesha mgeni wa Diani kufika hotelini bila kuvuka kwa feri ya Likoni, na kwa hiyo bila kuukanyaga mji. Kwa msafiri ni nafuu kubwa. Kwa muuza vinyago, anasema mfanyabiashara wetu, ni kama mto uliochepushwa.

Wageni wa ndani wamepunguza pengo kwa kiasi fulani. Hununua madafu, leso na vikoi zaidi kuliko vinyago, na baadhi ya wauzaji wamebadilisha bidhaa ipasavyo. Vijana kadhaa wanauza matembezi ya miguu ya Mji wa Kale kwa simu, wakianzia mahali ambapo basi huishia. Meli za kitalii zinapotia nanga, siku huwa nzuri. Hata hivyo masika bado ni miezi ya ukame wa mauzo, na maonyo ya usafiri ya 2014 pamoja na janga la korona la 2020 yalionyesha jinsi biashara hii inavyoweza kusimama ghafla.

Msimu ujao unaweza kuwa bora, hasa bei za tiketi za ndege zikikubali. Ila ongezeko langoni pekee halitaonyesha kama mtaa umefaidika. Ratiba inayompa mgeni saa moja zaidi ya kutembea kwa miguu ingewasaidia wauzaji zaidi kuliko ongezeko jingine la kutangazwa. Mpaka mtu ahesabu kinachouzwa nje ya kuta hizo, neno la mwenye kibanda lina haki ya kusikilizwa sawa na la mwenye takwimu.