Kujiandaa kwa Ukaguzi wa Umeme Katika Nyumba ya Zamani

Maelezo haya yanazihusu familia zinazoishi Marekani katika nyumba za zamani ambazo nyaya zake za umeme zinabadilishwa.

Kwa nini ukaguzi unahitajika

Waya uliounganishwa vibaya hupata joto ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki, na moto unaweza kuanza familia ikiwa imelala. Kwa kawaida mkaguzi huja mara mbili: kwanza, nyaya zikiwa zimepitishwa na kuta zingali wazi, pili, soketi, swichi na taa zikiwa zimefungwa.

Usizibe ukuta mapema

Ukuta ukizibwa kabla ya ukaguzi wa kwanza, mkaguzi anaweza kuagiza ubomolewe. Hapo gharama huwa mara mbili, na vumbi hutimka upya.

Jihadhari na vumbi

Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye madini ya risasi mwaka 1978. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya hapo bado zina rangi hiyo, na kuta zikitobolewa hutoa vumbi lenye sumu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hasa aliye chini ya miaka 6, na hakuna kiwango chake katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo, unaposubiri ukaguzi:

• Funika sehemu iliyo wazi kwa plastiki nzito; itaondolewa mkaguzi akifika.
• Watoto na wajawazito wasiingie katika chumba hicho.
• Pangusa sakafu na madirisha kwa kitambaa chenye maji. Usifagie kwa ufagio mkavu.
• Watoto wanawe mikono kabla ya kula na kulala.
• Mtoto akiwa amekaa kwenye vumbi hilo, mwombe daktari ampime damu, hata kama haoneshi dalili yoyote.

Siku ya ukaguzi

• Weka kibali cha kazi mahali kinapoonekana.
• Ondoa vitu vilivyoziba njia ya kufikia kisanduku kikuu cha umeme.
• Hakikisha kila swichi ya kisanduku hicho imeandikwa chumba inachohudumia.
• Jaribu ving'ora vya moshi kwa kubonyeza kitufe.
• Mwombe fundi mwenye leseni awepo. Mtoto asifanywe mkalimani. Uliza mapema kama ofisi inaweza kutoa mkalimani.
• Mwombe mkaguzi kitambulisho chake. Ada hulipwa ofisini kwa risiti. Usimpe fedha mkononi.

Kazi isipopita

Si adhabu. Mkaguzi ataeleza kwa maandishi kinachopaswa kurekebishwa, fundi atarekebisha, kisha ukaguzi utarudiwa. Katika nyumba ya kupanga, kibali na marekebisho kwa kawaida ni wajibu wa mwenye nyumba. Hifadhi nakala ya cheti cha mwisho pamoja na nyaraka nyingine za nyumba.