Baiskeli na Matembezi Wakati wa Mvua: Njia Moja ya Kujenga Ujirani Kolwezi



Huku Kolwezi mvua huanza Oktoba au Novemba na huendelea hadi Aprili. Kwa familia iliyohamishwa, miezi hiyo ni mirefu. Paa linavuja, vibarua vinapungua, na kila mtu anakaa ndani na watu wa kwao tu. Tukikaa hivyo, jirani tunamjua kwa maneno ya watu wengine, na hapo ndipo uvumi unapopata nafasi. Katika makala haya tunaeleza kwa nini matembezi ya mwisho wa juma, kwa miguu au kwa baiskeli (kinga, kama wengi wetu tunavyoiita), ni kazi ya amani, na namna ya kuyapanga wakati wa mvua bila kuhatarisha watu.

Kwa nini jambo hili ni zito?

Kolwezi ni mji wa watu waliotoka mbali. Ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi, na kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka pande nyingi, wakiwemo watu wa Kasai. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa. Hata hivyo, mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliwachochea vijana, watu wenye asili ya Kasai wakaitwa wadudu, na mamia ya maelfu wakafukuzwa Katanga. Hapa Kolwezi familia zililala kwenye stesheni zikingoja treni. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamefanya kazi pamoja na kuishi mitaa ile ile.

Baadaye wahamishwa wengine wameongezeka. Vita vya Kasai vya mwaka 2016 na 2017 viliwahamisha zaidi ya watu milioni 1, na baadhi yao walifika Lualaba. Wengine wamehamishwa na migodi yenyewe, kama huko Kasulo, ambako kobalti iligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, na huko Cité Gécamines, ambako mgodi umesogea hadi kwenye makazi. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na mwenyeji, mtu wa Kasai, na mtu aliyehamishwa kutoka upande wa pili wa mji. Kila mmoja ana uchungu wake, na ni rahisi kumlaumu aliye karibu.

Baiskeli inasaidia nini?

Katika mkutano watu huketi kwa makundi yao na kusema yale yanayotazamiwa. Njiani ni tofauti. Mnyororo ukitoka, aliye nyuma husimama kusaidia kabla ya kuuliza jina la ukoo. Tena baiskeli si kitu kigeni kwa yeyote kati yetu. Hapa imebeba makaa na mifuko ya madini. Kasai nako, treni na barabara zilipokufa, wafanyabiashara walisukuma baiskeli zenye mizigo kwa mamia ya kilomita. Kila upande una jambo la kuwafundisha wengine.

Tunapendekeza kanuni moja rahisi: watu wawili, baiskeli moja. Mmoja awe mwenyeji, mwingine awe mhamishwa. Wapokezane kuendesha na kubebwa, na mahali pa matope wasukume pamoja. Hivyo baiskeli 6 zinatosha watu 12, na maskini hawaachwi nyumbani. Mwisho wa matembezi wabadilishane namba za simu. Usiku neno likipita mtaani kwamba "watu wa upande ule wanakuja", kila nyumba iwe na mtu wa upande ule wa kumpigia na kumuuliza. Kwetu sisi, hilo ndilo tunda kubwa la kazi hii.

Tuende wapi?

Mwanzoni safari iwe fupi, kilomita 5 au 10. Mwezi wa Desemba hadi Machi uyoga huota porini, na kina mama wa kila kabila wana namna yao ya kuupika. Wazee wanaoujua vizuri watangulie, na uyoga usiojulikana usichumwe, kwa maana mwingine unaua. Mkirudi, pikeni chungu kimoja na kula bukari pamoja. Ziwa Nzilo, lililotokana na bwawa la umeme la miaka ya 1950, ni zuri lakini ni mbali kwa anayeanza. Tuliache hadi mvua itakapokwisha.

Mambo ya kuangalia

1. Ondokeni asubuhi mapema. Radi nyingi huja baada ya adhuhuri.

2. Mkiona umeme, hesabuni. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, ingieni ndani ya nyumba imara, wala si chini ya mwembe. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

3. Breki zikilowa hushika polepole, basi anzeni kupunguza mwendo mapema. Epukeni barabara kuu ya Likasi, yenye malori mengi.

4. Msikaribie mashimo ya migodi. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando katika Lualaba yetu, watu wasiopungua 32 walikufa daraja la mgodi lilipoanguka. Watu walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua kubwa.

5. Msioge wala kunywa maji ya mashimo au ya vijito vya karibu na migodi. Bebeni maji yaliyochemshwa.

6. Chukueni pampu, viraka, gundi na funguo za baiskeli.

Neno kwa viongozi

Mjulisheni mkuu wa mtaa mapema. Msiruhusu nguo wala nyimbo za chama chochote, na majina ya kudharau makabila yakatazwe tangu siku ya kwanza. Wasichana na wazee wawe na nafasi, si vijana wa kiume peke yao. Na tusiwadanganye watu: matembezi hayarudishi nyumba iliyobomolewa, wala hayachukui nafasi ya fidia. Anayedai haki yake aendelee kuidai. Lakini ataidai vizuri zaidi akiwa na majirani wanaomfahamu na walio tayari kusimama naye.

Maswali ya kujadiliana

Katika mtaa wenu, ni nani mnayemwona kila siku bila kujua jina lake? Uvumi ukitokea usiku wa leo, mngempigia nani simu? Jumamosi ijayo mnaweza kupata baiskeli ngapi?