Mushipa wa moyo kufunguliwa na kurudi siku ileile: mukaaji wa Mugunga arudi wapi?

Kuingia hospitali asubuhi, kufunguliwa mushipa wa moyo ulioziba, kisha kulala kwako usiku uleule: Ulaya na Marekani jambo hilo limekuwa la kawaida. Kwa mukaaji wa Mugunga, mangaribi ya Goma, ulizo la kwanza ni lingine: kwake ni mbali namna gani na munganga?

Kazi hiyo ilianza Zurich, tarehe 16 Septemba 1977. Munganga Andreas Grüntzig alipitisha puto ndogo ndani ya mushipa wa moyo wa mugonjwa aliyekuwa macho, akaijaza, na njia ya damu ikapanuka. Mwaka 1986, Ufaransa, wanganga wakaanza kuacha ndani kabomba kadogo ka waya, stenti, ili mushipa usijifunge tena. Lakini murija ulipitia kinenani, kwenye mushipa mukubwa, na mugonjwa alilala chali masaa mengi kwa kuogopa damu. Mukono ndio ulibadilisha mambo. Mwaka 1992, Amsterdam, Ferdinand Kiemeneij alipitisha murija kwenye kifundo cha mukono, ambako mushipa ni mudogo na uko karibu na ngozi: damu ikitoka, unakandamiza. Miaka iliyofuata timu yake ikaanza kuruhusu wagonjwa waende kwao siku ileile.

Hiyo ni kwa kazi iliyopangwa tu. Mutu aliyepatwa na shambulio la moyo analazwa.

Mwongozo wa wanganga wa moyo wa Marekani wa mwaka 2021 unataka kazi iwe imepita bila shida, mugonjwa aangaliwe masaa kadhaa, awe na mutu wa kukaa naye, dawa ziwe tayari mukononi, na aweze kupata msaada haraka hali ikibadilika. Hilo la mwisho ndilo linatugusa.

Wagonjwa wa Goma hutafuta kazi hiyo inje: Kigali katika King Faisal, Kampala katika Uganda Heart Institute, Nairobi, ao Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, M23 ilipoingia muji; benki nazo zikafunga. Inabaki barabara. Kigali ni zaidi ya kilomita 150 za vilima, kisha mupaka, ambao saa zake zimebadilika mara nyingi (Juni 2022 ulikuwa unafungwa saa tisa ya mchana), kisha barabara ya Sake. Kifua kikianza kubana katikati ya safari hiyo, usiku, utamwita nani?

Kwa hiyo kurudi siku ileile ni vizuri, na kunapunguza deni la kitanda, lakini nyumba ya kurudia iwe ya ndugu ao chumba cha kupanga palepale Kigali, kwa siku ambazo munganga atasema. Familia ipange hiyo mbele ya kuvuka mupaka, si kisha.

Dawa zina uzito kuliko safari. Mugonjwa wa stenti humeza aspirini pamoja na klopidogreli, mara nyingi karibu miezi 6 kwa kazi iliyopangwa. Ukiziacha kwa sababu unajisikia muzima, ao kwa sababu pesa zimeisha, damu inaweza kuganda ndani ya stenti, na hapo ni kifo kinakaribia. Bei ya dawa hizo ihesabiwe pamoja na bei ya kazi yenyewe.

Na mukono ule? Kwa siku za kwanza usibebe bido ya litre 20 kutoka ziwani, usisukume chukudu. Damu ikitoka, kandamiza kwa nguvu na uende hospitali. Maumivu ya kifua yakirudi, usingoje kuche.

Mwishoni, karatasi ya kutoka hospitali, yenye kuonyesha aina ya stenti na tarehe: omba iandikwe pia kwa Kifaransa, maana munganga wa Goma ndiye ataisoma, na uipige picha ndani ya simu. Mugunga watu wamehama ghafla zaidi ya mara moja, na karatasi hubaki nyuma.