Watawala wa Dunia Mwaka 1910 (Sehemu ya Tatu): Don Porfirio na Kaulimbiu Yake

Msomaji aliyefuatana nasi tangu mwanzo ameshamjua Franz Joseph wa Vienna, na Abdulhamid aliyeng'olewa Istanbul mwaka mmoja kabla. Leo zamu ilikuwa ya Menelik wa Addis Ababa, ila habari za Kameruni zimenigeuza njia. Oktoba 2025 Paul Biya, mzee wa miaka 92, alitangazwa mshindi wa muhula wa nane, na watu wakashangaa kana kwamba jambo hilo ni geni duniani. Si geni. Twende Mexico.

Porfirio Díaz alitwaa madaraka 1876 kwa mtutu wa bunduki, na kaulimbiu ya uasi wake ilikuwa kwamba rais asichaguliwe tena. Miaka mitano kabla alikwisha kumwasi Benito Juárez kwa hoja hiyo hiyo! Sasa tazama alichoifanyia katiba. Mwaka 1878 ilipigwa marufuku mihula ya kufuatana, 1880 akamwachia kiti swahiba wake, Jenerali Manuel González, 1884 akarudi. Mwaka 1887 ikaruhusiwa kuongeza muhula mmoja, 1890 ukomo ukafutwa kabisa, na 1904 muhula ukarefushwa kutoka miaka minne hadi sita. Yote kwa sheria, maana mwamba ngoma huvutia kwake.

Watetezi wake watanitajia reli, nami siikatai: alikuta kilomita zisizofika 700, akaacha zaidi ya 19,000. Wanasahau tu kutaja ardhi za vijiji zilizomezwa na mashamba ya matajiri.

Mwaka 1908 alimwambia mwandishi wa Marekani, James Creelman, kuwa nchi imekomaa kidemokrasia na kwamba yeye atapumzika muhula ukiisha. Francisco Madero, mtoto wa ukoo tajiri wa Coahuila, akajitokeza kugombea. Juni 1910 akatiwa ndani, na kura zikapigwa yeye akiwa kizuizini. Septemba mzee alitimiza miaka 80 katikati ya shamrashamra za karne moja tangu kuanza harakati za uhuru, akazindua ile nguzo yenye malaika inayosimama mpaka leo Mexico City. Novemba vita vikalipuka. Mei 1911 mji wa Ciudad Juárez ukaanguka, naye akajiuzulu na kupanda meli Veracruz. Alifia Paris 1915, na kaburi lake liko huko huko.

Lakini linalonikosesha usingizi ni walichojifunza Wameksiko. Katiba ya 1917 ilikataza rais kuchaguliwa tena. Wakailegeza kwa ajili ya rais wa zamani, Álvaro Obregón. Akashinda 1928, akauawa kabla ya kuapishwa. Mwaka 1933 wakaifunga tena, na haijafunguliwa. Hata chama cha PRI, kilichotawala miaka 71 mfululizo, kilibadili rais kila baada ya miaka sita. Kilikuwa na dhambi nyingi, wizi wa kura ukiwamo, ila hiyo haikuwamo.

Kameruni ilifuta ukomo wa mihula 2008. Jirani zetu wa Uganda waliufuta 2005, na ukomo wa umri ukafuata 2017. Mimi nashikilia ninalolisema siku zote: muhula mmoja mrefu unatosha. Wenye kudai katiba mpya katika nchi zetu waisome ibara ya 83 ya katiba ya Mexico kabla ya kushika kalamu. Menelik tutamfikia sehemu ijayo, Mungu akipenda.